Barua ya Mfano

Kazi yangu ni kuchapa. Nimechapa wosia, viapo, mikataba ya viwanja vya Bunju vilivyouzwa mara mbili, na madai ya talaka yenye Kiswahili kizuri kuliko kile wahusika walichotumia kuposana. Wakili ninayemfanyia kazi ni mwanamke ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la dawa, Temeke. Cha ndani ni chake, cha nje ni changu, pamoja na benchi la wateja na feni inayozunguka ikitaka. Kati yetu kuna ukuta wa mbao, kwa hiyo nasikia kila kitu. Wateja hudhani wanazungumza na mtu mmoja.

Wakili ana utaratibu wake. Mteja akija na malalamiko ya kazini, hamwahidi chochote. Anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anachukua karatasi tupu na kupiga mstari katikati. Kushoto anaandika yanayosimama, kulia yanayoanguka. Mimi naichapa karatasi hiyo, tunaiita tathmini, na kesho yake mteja anaambiwa ukweli. Nimechapa tathmini nyingi mno, hasa hizi za wanawake na mabosi wao, na najua upande wa kulia ndio hujaa. Hakuna shahidi. Hakuna maandishi. Hakumwambia mtu. Alichelewa. Wakili husema kuonewa ni jambo moja na kuthibitisha kwamba umeonewa ni jambo lingine, na huyasema hayo bila ukali wowote, kama mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli.

Mimi nilikuwa nakubaliana naye. Nilikuwa nawasikiliza wale wanawake kupitia mbao na moyoni nawasahihisha. Kwa nini hukuhifadhi ujumbe? Kwa nini hukusema siku ileile? Nilikuwa mkali kweli, na sasa najua ukali ule ulitoka wapi.

Binti wa Mbagala alikuja Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi. Alivaa baibui na ushungi wa rangi ya udongo, akanipa shikamoo, akakaa mwisho kabisa wa benchi ingawa hakukuwa na mtu mwingine wa kulikalia. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki aliyoikunja mara mbili. Nilimwambia aikunjue, karatasi za ushahidi hazikunjwi kama risiti ya sokoni. Akaikunjua na kuilaza mapajani, akaipapasa kwa kiganja mpaka alipoitwa ndani.

Nilimsikia akieleza. Alikuwa karani wa mauzo katika kampuni inayosambaza karatasi na vifaa vya ofisi. Mkurugenzi, mzee anayeheshimika, alikuwa akimwita ofisini kila jioni wahakiki ankara pamoja. Zilianza sifa, ikafuata mikono. Alipokataa, alihamishiwa stoo kubeba maboksi, na mzee akaanza kumdhalilisha mbele ya madereva. Akaandika barua ya kuacha kazi. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu aiwasilishe, na wakili akamwambia kwamba ukiondoka kazini kwa kulazimika hivyo, una siku thelathini tu za kupeleka dai lako kwenye Tume, kule migogoro ya kazi inakosuluhishwa kabla haijafika mahakamani.

Kisha wakili akamuuliza jina la kampuni na mahali ilipo, binti akataja. Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. Kampuni hiyo niliifanyia kazi miaka minane, nikiwa katibu muhtasi wa mzee huyohuyo. Niliondoka miaka ishirini iliyopita.

Nitasema mapema, nisije nikaonekana ninamficha msomaji kitu. Aliyomfanyia binti huyu alinifanyia na mimi. Kwangu haikuwa ankara, ilikuwa imla. Alikuwa ananiita na daftari langu nimwandikie barua, ananifungia mlango kwa ufunguo, anatembea nyuma ya kiti changu huku akisoma maneno, na mkono wake ulikuwa unaanzia begani. Barua nzima ya kuomba mkopo wa benki niliwahi kuiandika nikiwa nalia bila sauti, na haikuwa na kosa hata moja. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa katika baraza la wazee wa kanisa pamoja naye. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amebatizwa mikononi mwake, yeye akiwa baba wa ubatizo, kwa sababu mambo haya yalianza mwaka wangu wa tatu kazini, na ubatizo ulikuwa mwaka wa kwanza, wakati nilipokuwa bado namwona kama zawadi ya Mungu kwa watu wa bara tuliokuja mjini bila ndugu.

Na huyu binti yangu, wakati binti wa Mbagala anapanda ngazi zetu, alikuwa amebakiza wiki saba kuolewa. Baba yake alishafariki. Aliyeombwa kusimama badala ya baba, kumshika mkono na kumtoa siku ya sherehe, alikuwa baba yake wa ubatizo. Mzee alikubali kwa furaha, alipiga simu mwenyewe.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nilipoitwa ndani kutoa nakala.

Binti alikuwa na vitu vichache. Jumbe mbili kwenye simu, mmoja unasema leo umependeza na mwingine unasema ukimaliza pitia kwangu. Mengine yote mzee aliyasema kwa mdomo. Mwenzake wa stoo aliyewahi kumkuta akilia alikuwa bado ameajiriwa pale na alimwomba kwa jina la Mungu asimtaje. Kisha wakili akanipa barua ya kuacha kazi niipitishe kwenye mashine. Mimi siwezi kushika barua bila kuisoma, ni ugonjwa wa kazi.

Ilianza kama zinavyoanza zote, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Aya ya pili ilisema: "Naushukuru uongozi, na kwa namna ya pekee Mkurugenzi, kwa malezi ya kibaba niliyoyapata nikiwa chini ya kivuli chake. Busara zake zitakuwa taa yangu huko niendako."

Barua ile niliiandika mimi. Yaani maneno yale ni yangu, niliyatunga kwa siku mbili, nikayafuta na kuyarudia, nikiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Nilipoacha kazi sikutaka mtu yeyote aulize kwa nini, basi nikaandika shukrani nene kupita kawaida, na ile taa niliionea fahari kidogo. Sisi ndivyo tunavyoondoka mahali. Hata uwe umemwagiwa maji machafu, unaaga vizuri, unashukuru kwa malezi, unaomba radhi kwa uliowakosea. Anayeondoka bila kushukuru anaonekana hakulelewa kwao.

Nilimuuliza binti, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, kama barua ile alitunga mwenyewe. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Mie nitunge wapi, mama? Ipo kwenye kompyuta pale ofisini, inaitwa barua ya mfano. Kila anayeacha kazi anaambiwa fungua ile, badilisha jina na tarehe. Sista wa masijala ndo alinionyesha."

Miaka ishirini. Kompyuta zimebadilishwa sijui mara ngapi, na kila mara mtu alikumbuka kuihamisha barua yangu. Nilitamani kuuliza wangapi wameitumia, na ni wangapi kati yao walikuwa wasichana. Sikuuliza. Nilirudisha barua mezani, nikatoka, nikakaa mbele ya kibodi yangu nikiwa sioni hata herufi.

Tathmini ya binti yule niliichapa mwenyewe jioni hiyo. Kushoto kulikuwa na mistari mitatu: maelezo yake hayagongani, jumbe mbili, kuhamishwa stoo baada ya kukataa. Kulia kulikuwa na mistari minane, na wa kwanza wakili alikuwa ameupigia mstari chini. Barua ya mdai mwenyewe inamsifu mdaiwa kama baba. Chini kabisa aliandika maneno anayoyaandika kesi ikiwa dhaifu, kwamba mteja ashauriwe kufikiria upya, isipokuwa apatikane mtu mwingine aliyetendewa vivyo hivyo.

Nilipiga nukta. Nikazima kompyuta na kwenda nyumbani.

Naishi Bunju, kwenye nyumba tuliyoijenga mimi na marehemu kwa miaka kumi na moja, chumba baada ya chumba, tukiamini watoto watajaa. Tulijaaliwa mmoja, na huyo anafundisha shule ya msingi huko Kimbiji, upande wa pili kabisa wa mji. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja una kazi sawasawa na wa watu watano. Redio naiwasha nikiingia, hata kabla ya kuvua viatu. Watu wanasema upweke ni kukosa mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa na mume, mwema, mcheshi, tulikaa mezani pamoja kila jioni, na kwa miaka ile mitano nilikuwa mpweke kuliko nilivyo sasa, kwa sababu jambo lililokuwa limenijaa mpaka shingoni ndilo lililokuwa haliwezi kusemwa. Akafa hajui. Mzee alibeba jeneza upande wa kulia, mbele.

Jumatano wakili alimpigia binti simu aje apewe majibu Ijumaa. Alhamisi nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka minne, kwa sababu nilikuwa nimepanda juu ya stuli nikitafuta faili kwenye kabati la juu. Mimi ni katibu muhtasi, sitoi karatasi bila kubaki na nakala. Faili nililipata limeliwa kidogo na mende pembeni. Ndani yake mlikuwa na barua yangu ya kuacha kazi, nakala niliyoibakiza, ikiwa na mhuri wa kampuni wa kupokelewa na tarehe ya miaka ishirini iliyopita. Malezi ya kibaba. Kivuli. Taa.

Niliiweka mezani kwa wakili kando ya barua ya binti na kumwomba asome zote mbili. Alisoma, akaniangalia, akasoma tena. Kisha akainuka mwenyewe kufunga mlango. Alilishika komeo, akasita, akauacha mlango bila komeo. Sijui alijuaje. Nilimshukuru Mungu kwa jambo hilo dogo.

Nilimweleza. Nilidhani nitalia, sikulia, nilieleza kwa sauti ileile ninayoamkia wateja. Alipoona nimemaliza alifanya jambo lililoniuma na ambalo hadi leo namheshimu kwalo. Alichukua karatasi tupu, akapiga mstari katikati.

Akaanza kuniuliza maswali niliyoyachapa mara mia. Lini? Wapi? Nani aliona? Ulimwambia nani? Nilipojibu kwamba sikumwambia mtu, nilisikia sauti yangu jinsi ilivyo nyembamba, sawasawa na sauti zote zilizopita kwenye ule ukuta. Swali la mwisho lilikuwa kama baada ya kuacha kazi niliendelea kuwa na uhusiano wowote na mzee.

Nikamwambia kila Krismasi tulikuwa tunakwenda kwake. Ndiyo desturi, mtoto anapelekwa kumwamkia baba yake wa ubatizo. Nilikuwa namshonea binti yangu gauni jipya, nasuka nywele zake mkesha, nabeba sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa, na tunakaa sebuleni kwa mzee saa nzima, mume wangu akicheka naye. Ningeacha kwenda, ningeulizwa kwa nini. Nilichagua pilau.

Wakili aliandika bila kuinua kichwa. Upande wangu wa kulia ulijaa kuliko wa binti: miaka mingi, hakuna shahidi, hakumwambia mtu, aliendelea kumtembelea, na sasa anafanya kazi kwa wakili wa mdai, jambo ambalo upande wa pili watalishika kwa meno. Kushoto aliandika mstari mmoja tu, barua yenye mhuri. Akaniambia kama shahidi wa mateso yangu mwenyewe mimi ni dhaifu, lakini ile barua ni kitu kingine. Inaonyesha kwamba sifa zile si za binti, ni fomu ya kampuni ile, na aliyeitunga yupo hai na yuko tayari kusema aliitunga kwa sababu gani.

"Kama uko tayari, mama," akasema. "Maana jina lako likishaingia kwenye orodha ya mashahidi, halitoki. Yeye atalisoma, na atawapigia watu wenu. Yupo mtu ambaye usingependa alisikie kutoka kwake?"

Nikamwambia yupo mmoja.

Alinipa mpaka Jumatatu. Ijumaa binti wa Mbagala alikuja, na wakili akamwambia tu kwamba bado kuna jambo linasubiriwa. Alipotoka aliniaga kwa heshima zake zote, naye hakujua kwamba anayesubiriwa ni mimi. Nilimwangalia akishuka ngazi, na niliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima aliyekalia chakula cha mtoto.

Jumamosi nilikwenda Kimbiji. Kutoka Bunju mpaka Kimbiji ni kuuvuka mji mzima, na kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi ambayo bodaboda anaiendesha kama amekosana nayo. Binti yangu anapanga kwa familia ya wavuvi. Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, amezungukwa na madaftari ya wanafunzi, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Alifurahi sana. Alidhani nimeleta sampuli za vitenge vya sherehe. Alinimiminia maji, akaniambia nipumzike, akaendelea kunieleza habari za ukumbi wa Boko, kwamba una nafasi ya kuegesha magari, kwamba wameuliza mzee atasimama wapi wakati wa kuingia.

Nilimwacha aseme. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza tangu Bunju, na kama kawaida yangu niliitengeneza, nikaipunguza, nikahamisha maneno. Nilipofungua mdomo sikuitumia. Nilisema tu, mwanangu, mzee hawezi kukutoa, na nikaeleza kwa nini.

Hakunikatiza. Kalamu ilibaki mkononi. Mama mwenye nyumba alipita na ndoo ya dagaa, tukamwitikia salamu wote wawili kwa sauti za kawaida kabisa, kama hakuna kilichotokea. Alipoingia ndani nilimuuliza binti yangu swali ambalo lilikuwa limekaa nyuma ya mengine yote, lile nililoliogopa zaidi ya Tume na zaidi ya kanisa. Nilimuuliza kama naye aliwahi kuguswa.

Akasema hapana. Akasema kamwe. Nikashusha pumzi niliyoizuia tangu akiwa na miaka miwili.

Halafu akaniuliza: "Mbona ulikuwa unanivalisha vizuri kwenda kwake?"

Nilimwambia habari za baba yake na kanisa, na jinsi ambavyo watu wangeuliza. Nilijisikia nikiongea na kila neno likiwa limechakaa kabla halijatoka. Yeye alikuwa akiangalia daftari lililo wazi mbele yake, hesabu za kugawanya, nusu zimepata vema.

"Mie nampenda yule mzee," akasema. "Unajua hilo? Nilikuwaga najisifia shuleni. Umeniacha nimpende miaka yote hii, mama."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kufanya, maana binti yangu akigomba huwa anamaliza haraka na kuanza kucheka. Alisema anataka kumaliza kusahihisha. Nilikaa naye kama nusu saa nyingine, nikayapanga madaftari aliyomaliza, kona kwa kona. Wakati wa kuondoka alinisindikiza mpaka njiani na kumwambia dereva wa bodaboda aendeshe taratibu. Kwaheri alisema. Lini tutaonana hakusema.

Jumatatu nilitia saini maelezo yangu. Wakili alitaka kuyachapa mwenyewe, akisema si haki nijichapie, nikamwambia akichapa yeye yatakuwa na makosa. Kurasa tatu. Nilitumia maneno ya kawaida, hakuna taa humo wala kivuli. Dai lilipelekwa Tume siku ya ishirini na sita.

Usuluhishi haukuzaa kitu. Upande wa mzee walikuja na ile barua ya binti mkononi kama watu waliokuja na tiketi ya ushindi, wakaisoma kwa sauti, wakasema huyu binti alilelewa na sasa anauma mkono uliomlisha. Binti alisimulia hayo akiwa kwenye benchi langu, ushungi ukiwa umelegea kwa joto. Alikuwa ameshaambiwa habari zangu. Aliketi karibu nami safari hii, si mwisho wa benchi.

"Kumbe mie nilikuwa nimeiba barua yako," akaniambia.

Nikamwambia hata wezi huchagua, yeye amechagua mbaya. Tukacheka wawili, na kicheko kile kilinishangaza, kwa sababu kilikuwa cha kwanza kuhusu jambo lile tangu lianze. Baada ya hapo alikuwa akinitumia ujumbe mfupi asubuhi kuniamkia. Lakini yeye si binti yangu, na huko kwa binti yangu kulikuwa kimya. Wiki tatu. Niliona tu kwenye simu kwamba anasoma ujumbe wangu. Kutoka kwa shemeji yangu nilisikia kwamba sherehe imesogezwa mbele, na kwamba bibi harusi amekataa kueleza sababu. Sikujua amekataa kwa ajili yangu au kwa ajili ya mzee.

Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kusikilizwa, na hapo ndipo kila upande unawasilisha orodha ya mashahidi wake. Yetu ilikuwa na majina mawili. Niliichapa mimi. Jina langu lilikuwa namba mbili, na nililiangalia kwenye karatasi kwa muda kama jina la mtu niliyewahi kusoma naye.

Kuna jambo sijalisema. Katika miaka yote hii, lililonitesa zaidi halikuwa mikono yake. Lilikuwa ule wepesi wake. Krismasi alikuwa ananipokea mlangoni akicheka, ananiita mwanangu, anauliza habari za shamba, na macho yake hayakuwa na kitu. Yalikuwa masafi kama ya mtoto. Nilikuwa narudi nyumbani nikijiuliza kama labda amesahau, na kama amesahau yeye, basi nimebaki peke yangu ulimwenguni ninayejua, na jambo linalojuliwa na mtu mmoja tu linafika mahali linaanza kufanana na ndoto. Zipo siku niliamini nimelitunga.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Wakili alikuwa ndani anaongea na simu, nami kupitia mbao nasikia upande wake tu: ndiyo, ndiyo, leo hii, nitamwuliza mteja. Akatoka akasimama mbele ya meza yangu. Alisema wakili wa upande wa pili ameomba yamalizwe kabla ya kusikilizwa. Watampa binti fidia aliyoomba na cheti cha utumishi kisicho na doa. Orodha yetu waliipokea asubuhi, na saa sita mzee alikuwa ameshaamua.

Nikamuuliza kama mzee aliuliza chochote kuhusu mimi. Huyu ni nani, anataka nini, amesema nini katika maelezo yake.

"Hakuuliza," akasema wakili. "Maelezo yako hawajayaona bado. Wameona jina tu."

Alirudi ndani kumpigia binti. Nilimsikia binti akipiga kelele ya furaha kwenye simu, nikasikia na kilio baada yake. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Nikakaa na mikono juu ya meza. Jina tu. Basi alikuwa anakumbuka. Krismasi zote zile, mlangoni, alikuwa anakumbuka.

Nilitamani kumwambia mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mmoja. Nilichukua simu nikampigia binti yangu. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Nikapiga tena.